Mtoto Achujwe Akiwa na Miaka Mingapi?

Watoto wangu watatu wamesoma Tanzania, Kenya na Ujerumani, kwa sababu kazi ya baba yao ilikuwa ya kuhamahama. Kila tulipofika mahali, ndugu na marafiki waliuliza yale yale: wanasoma masomo gani, ada kiasi gani, wanavaa sare? Ni maswali ya maana. Lakini kwa vikao vyote vya wazazi nilivyokaa katika nchi hizo, nimeona kuna jambo linalotangulia hayo yote, na natamani kila mzazi anayehama na watoto aanze nalo: huko mnakokwenda, shule inawachuja watoto lini, nani anayechuja, na aliyechujwa ana njia ya kurudi?

Nianze na nilikosomea mimi. Tanzania tulikuwa na miaka saba ya msingi, minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na cha sita, kisha chuo kikuu. Enzi zetu mtihani wa darasa la saba ndio uliokata shauri. Sekondari za serikali zilikuwa chache, na jina lako lisipokuwamo katika orodha ya waliochaguliwa, na wazazi hawana uwezo wa shule binafsi, masomo yaliishia hapo ukiwa na miaka 13 au 14. Aliyesahihisha karatasi hakukujua. Hakujua kama uliugua wiki ile, wala kama ulitembea mwendo mrefu kabla ya kushika kalamu. Hakujua pia kama baba yako ni mkulima au ni mkuu wa wilaya, na hilo mliweke akilini, maana nitalirudia nikifika Ujerumani.

Waliochaguliwa walikutana na mchujo wa pili ambao haukutangazwa popote. Katika shule za msingi za serikali, Tanzania inafundisha kwa Kiswahili. Ukiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, ghafla, kana kwamba likizo ile ya kati ilitosha kujifunza lugha. Kulikuwa na msichana tuliyetoka naye shule moja ya msingi, kiboko ya hesabu. Mwalimu akiandika swali ubaoni, yeye alikuwa amekwisha kulipata jibu kabla wengine hatujamaliza kulinakili. Sekondari alinyamaza. Swali likiwa na tarakimu tupu alilipata. Likiwa la maelezo, la mkulima aliyegawa shamba lake kwa wanawe, alikaa akiitazama karatasi. Hakuna aliyekuwa akimpima hesabu tena. Alikuwa anapimwa Kiingereza kutwa nzima, na matokeo yakaandikwa kuwa ni ya hesabu. Jambo hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu watoto wanaoingia kidato cha kwanza sasa hivi bado wanapitia hapo hapo.

Tulihamia Kenya 2018. Mwanangu mkubwa alikuwa amemaliza darasa la tatu kwa Kiswahili, akaingia darasa la nne ambako kila somo lilikuwa kwa Kiingereza. Aliyajua mambo yenyewe, ya mimea, ya mifupa, ya mzunguko wa maji, ila hakuwa na namna ya kuyasema. Kilichomwokoa ni somo la Kiswahili. Insha zake zilisomwa mbele ya darasa, na mtoto akishakuwa na mahali pamoja anapoheshimika, kwingine hupata ujasiri wa kujaribu.

Kenya ilitupa jambo ambalo sikutarajia. Tangu 1985 nchi ile ilikuwa na mfumo wa 8-4-4: miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu. Mwaka 2019 ilianza kuingiza mtaala wa umilisi, CBC, kuanzia chekechea na madarasa ya chini, huku walio juu wakiendelea na wa zamani hadi wamalize. Kwa hiyo mkubwa alikuwa 8-4-4 na binti yangu wa kati akaanza gredi ya kwanza ya CBC. Shule moja, geti moja, mifumo miwili. Mkubwa alikuwa akielekea mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, karatasi tano za alama mia mia, jumla 500, na jumla hiyo ndiyo iliyoamua utapelekwa sekondari ya kitaifa au ya kaunti. Kila mwezi alikuwa na mtihani wa majaribio. Aliondoka nyumbani kabla ya jua. Dada yake alikuwa akirudi na agizo la kutengeneza kitu kwa maboksi na vizibo, na ripoti yake haikuwa na alama wala nafasi, bali ngazi nne: anazidi matarajio, anafikia, anakaribia, yuko chini ya matarajio.

Bibi yao akipiga simu kutoka Tanzania, neno la kwanza baada ya salamu lilikuwa, "Mjukuu wangu amekuwa wa ngapi?"

"Mama, huyu mdogo hawapangi nafasi."

"Sasa mtajuaje kama anasoma?"

Nilimwelewa kabisa. Mimi mwenyewe nililelewa na ripoti zinazosema wa 14 kati ya 62, na ukisoma hivyo unajua ulipo. Lakini nafasi inakuambia kuhusu wenzako zaidi kuliko inavyokuambia kuhusu mtoto wako. Kenya iliendesha KCPE ya mwisho 2023. Mwaka huo huo, Baraza la Mitihani la Tanzania likaacha kutangaza shule na watahiniwa bora katika matokeo ya kidato cha nne. Wazazi wengi walilalamika. Mimi nilifurahi.

Ujerumani tulifika 2021, jimbo la Nordrhein-Westfalen. Nataja jimbo kwa sababu bila jimbo huwezi kusema lolote la uhakika kuhusu shule za Ujerumani. Elimu ni mamlaka ya majimbo, nayo yako 16, kila moja na sheria yake, mtaala wake na hata ratiba yake ya likizo ya kiangazi. Ukihamia upande wa pili wa mpaka wa jimbo, umehamia karibu nchi nyingine.

Jambo la kwanza lililonishtua lilimhusu kitinda mimba. Kenya, chekechea, alikuwa ameanza kuandika jina lake na kuunganisha silabi. Jimboni kwetu mtoto anaanza darasa la kwanza mwaka anaotimiza miaka sita ikiwa ametimiza kabla ya mwisho wa Septemba. Wangu amezaliwa Novemba, hivyo akarudishwa kucheza. Nilikwenda kwa mwalimu wa chekechea nikiwa na daftari lake mkononi. Mama yule alilitazama kwa heshima, ukurasa kwa ukurasa, kisha akaniuliza kama mtoto anaweza kufunga kamba za viatu, kukata karatasi kwa kufuata mstari, na kungoja zamu yake bila kulia. Viwili kati ya hivyo hakuweza. Mwaka ule alijifunza vyote, pamoja na Kijerumani cha kugombania baiskeli, ambacho hakuna kitabu kingemfundisha. Siku ya kwanza ya shule alibeba koni kubwa ya karatasi iliyojaa zawadi, kama kila mtoto wa darasa la kwanza huko. Kusoma alikushika katika miezi michache, na wenzake pia.

Mkubwa, mwenye miaka 13, aliwekwa darasa la saba katika shule ya mseto, Gesamtschule, akipewa vipindi vya ziada vya Kijerumani asubuhi. Alama za Kijerumani huanzia 1 mpaka 6, na 1 ndiyo bora. Kwa Mtanzania aliyezoea divisheni na pointi, ambapo chache ndiyo nyingi, hili si geni. Kilichokuwa kigeni ni namna alama yenyewe inavyopatikana. Katika karatasi za Hisabati alikuwa akipata 2. Ripoti ilipotoka, Hisabati ilikuwa 4.

Niliomba miadi. Mwalimu alifungua daftari lenye majina ya darasa zima na tarehe kwa juu, na katika visanduku kulikuwa na alama ndogo za kujumlisha na kutoa. Mstari wa mwanangu ulikuwa na visanduku vitupu kutoka mwanzo hadi mwisho. "Anajua," mwalimu akasema, "lakini hasemi." Kumbe ushiriki darasani, kunyoosha mkono, kuuliza, kupinga hoja, unahesabiwa kwa uzito sawa na karatasi zilizoandikwa. Nilipomweleza nyumbani, mwanangu alinijibu kwa utulivu, "Mama, mimi nangoja niitwe. Kumkatiza mwalimu si utovu wa adabu?"

Niwe wazi hapa. Ule ukimya tuliufundisha sisi, na tuliufundisha kwa fimbo. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni 2001. Tanzania bado kanuni zinaruhusu, visizidi vinne na kwa idhini ya mkuu wa shule. Nilisoma na watoto waliojua jibu lakini wakaona ni salama zaidi kutolisema, maana ukikosea gharama yake unaijua. Mtoto aliyelelewa hivyo ukimpeleka penye mfumo unaopima sauti yake, atahesabiwa kuwa hajui. Tulikubaliana aanze na somo moja, achangie mara moja kila kipindi, hata kwa swali tu. Ilichukua muda mrefu kuliko kujifunza lugha.

Sasa nije kwa binti yangu, maana hapa ndipo nilipoielewa Ujerumani kwa undani. Shule ya msingi jimboni kwetu, kama ilivyo karibu majimbo yote, ni miaka minne tu. Berlin na Brandenburg ndiko wanakokwenda sita. Baada ya hapo njia zinagawanyika: Gymnasium inayoelekea moja kwa moja chuo kikuu, Realschule ya katikati, Hauptschule ya masomo mafupi yanayoelekea kazi za mikono, na Gesamtschule inayowachukua wote. Mtoto ana miaka kumi. Hakuna mtihani wa taifa. Mwalimu wa darasa, katikati ya darasa la nne, anaandika pendekezo la shule inayomfaa mtoto.

Mwalimu wa binti yangu alikuwa mwema, hilo nalisema kwa moyo mmoja. Darasa lake lilikuwa la furaha. Wanafunzi waliandika kwa kalamu za wino, walikwenda kuogelea, na mwaka ule wa nne askari polisi alikuja kuwafundisha kuendesha baiskeli barabarani kisha akawapa mtihani wake. Binti yangu aliufaulu na kuutangaza kwa bibi yake kama shahada. Lakini pendekezo lilipokuja, lilisema Realschule. Hisabati alikuwa na 2. Kijerumani alikuwa na 4, lugha ambayo alikuwa ameanza kuisikia mwaka mmoja na nusu nyuma.

Nilimkumbuka yule kiboko wa hesabu wa kidato cha kwanza. Bara jingine, lugha nyingine, na bado mtoto anapimwa lugha halafu inaandikwa kwamba umepimwa uwezo wake.

Huko Tanzania nilimlaumu msahihishaji asiyemjua mtoto. Hapa mwalimu anamjua vizuri, na kumjua huko nako kuna hatari yake. Anawajua na wazazi. Utafiti wa kimataifa wa usomaji wa darasa la nne, ambao Ujerumani unaitwa IGLU, umeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wa wazazi waliosoma hupendekezwa Gymnasium kwa urahisi kuliko watoto wa vibarua, hata uwezo wao ukiwa sawa. Sidhani walimu wana nia mbaya. Wanajiuliza nani nyumbani atamsaidia mtoto huyu na masomo, na jibu wanalolitoa kwa huruma linamfungia mlango. Matokeo ya kwanza ya PISA, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, yalipotoka Desemba 2001, Wajerumani walishtuka kuona jinsi asili ya mzazi inavyomfuata mtoto mpaka kwenye alama. Mengi yamefanyiwa marekebisho tangu hapo. Kuchuja watoto wa miaka kumi kumebaki.

Bahati yetu ilikuwa jimbo. Nordrhein-Westfalen pendekezo ni ushauri. Mzazi ndiye anayeamua shule ya kuomba. Tungekuwa Bavaria, mtoto wa shule ya serikali anahitaji wastani wa 2.33 au bora zaidi katika Kijerumani, Hisabati na somo la mazingira ili aende Gymnasium, na asiyefikia hupitia masomo ya majaribio yenye mtihani. Nilisoma kanuni za jimbo kwa kamusi, usiku, hadi nikaelewa, kisha nikazungumza na mume wangu na binti mwenyewe. Tuliomba Gesamtschule, shule ya kaka yake, kwa sababu moja: pale hawamwambii mtoto wa miaka kumi ataishia wapi. Madarasa yanakuwa ya mchanganyiko, mgawanyo unakuja baadaye na kwa baadhi ya masomo tu, na anayefaulu anaweza kuendelea mpaka Abitur, cheti cha kuingilia chuo kikuu.

Kwenye kikao cha wazazi cha shule ile, tukiwa tumekaa kwenye viti vidogo vya watoto, niligundua kwamba karibu kila mzazi mgeni alikuwa na mfumo wake kichwani. Baba mmoja Mfaransa alikuwa bado anahesabu alama kwa 20, na kwao madarasa ya sekondari yanahesabiwa kurudi nyuma, la sita ndilo la kuanzia. Mama wa Kijapani alisema kwao mwaka wa shule unaanza Aprili na wanafunzi ndio wanaosafisha madarasa yao. Wazazi Wajerumani walimtazama kwa mshangao. Mimi nilicheka kwa furaha, maana nami nilifagia na kupiga deki darasa langu miaka yote ya msingi. Wengi hudhani shule za dunia zimepangwa kwa utajiri, maskini huku na matajiri kule. Sivyo. Japani haiwagawanyi watoto mpaka wanapofika miaka 15, ndipo mitihani ya kuingia sekondari ya juu inapowapanga. Ufini wanaanza darasa la kwanza na miaka saba, wanasoma pamoja miaka tisa, na mtihani wao wa taifa ni mmoja tu, mwishoni mwa sekondari ya juu. Ujerumani, tajiri kama hao, inachuja mapema kuliko Tanzania.

Lakini Ujerumani ina jambo moja ninaloliheshimu sana, na mwanangu mkubwa ndiye aliyenifungua macho. Alipomaliza darasa la kumi, 2025, alisema hataki kuendelea na Abitur. Alitaka mafunzo ya kazi, ufundi wa mekatroniki, mashine zinazochanganya umeme, chuma na kompyuta. Mafunzo yake ni ya miaka mitatu na nusu. Sehemu kubwa ya wiki yuko kiwandani chini ya fundi, sehemu iliyobaki yuko darasani katika shule ya ufundi, na kila mwezi analipwa.

Simu ya bibi ilikuja siku hiyo hiyo. "Mwanangu, mtoto kafeli nini mpaka mnampeleka ufundi?"

"Hajafeli, mama. Amechagua."

Alinyamaza kidogo, akasema tu, "Haya, Mungu amtangulie," kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Sikumlaumu. Kwetu ufundi umefanywa kuwa mahali pa walioachwa na mchujo, na mzazi akisikia VETA, vyuo vya ufundi vya serikali, anasikia kushindwa. Ujerumani nusu ya familia ninazozifahamu zina kijana aliyepita njia hiyo, tena bila aibu. Kilichonituliza zaidi ni kujua kwamba njia ya kurudi ipo. Tangu 2009 majimbo yamekubaliana kwamba fundi aliyefikia daraja la Meister, yaani fundi mkuu, anaweza kuomba chuo kikuu bila Abitur. Tanzania nasi tuna ngazi za kutoka cheti hadi stashahada na kutoka stashahada hadi shahada. Ngazi zipo, ila shuleni watoto hawaambiwi mapema, na wanaposikia wamekwisha kujiita wameshindwa.

Nyumbani nako mambo yanabadilika. Sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima kuwa miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtoto hatatakiwa tena kuishia njiani akiwa na miaka 13. Mwaka 2027 darasa la sita la mfumo mpya na la saba la mfumo wa zamani watamaliza pamoja, na wote watahitaji viti na walimu wa kidato cha kwanza. Ninafurahi kwa mabadiliko hayo kuliko ninavyoweza kueleza. Ninachokililia ni lugha. Kama mtoto atavuka kutoka la sita na kukuta masomo yamegeuka siku moja, mchujo utakuwa umebaki pale pale.

Kwa wanaojiandaa kuhama, ninachowaambia ni haya. Ulizeni tarehe ya ukomo wa umri, maana ndiyo itakayoamua darasa. Angalieni kalenda: anayetoka Januari kwenda kwenye mwaka unaoanza Agosti ama atapoteza nusu mwaka ama atairuka. Tunzeni ripoti zote zenye mihuri, hata za chekechea. Kama mnafikiria kurudi Tanzania, fahamuni mapema kwamba vyeti vya sekondari vya nje vinapelekwa Baraza la Mitihani kupata ulinganifu. Na someni kanuni wenyewe. Maofisa walikuwa wakarimu kwetu, lakini kuhusu haki ya mzazi kuamua hakuna aliyetuambia mpaka tulipoisoma.

Binti yangu yuko darasa la saba sasa, na mwaka huu wamegawanywa kwa mara ya kwanza, katika Hisabati na Kiingereza. Amewekwa kozi ya juu katika yote mawili. Kijerumani kitagawanywa baadaye. Mwalimu wake amesema wazi kwamba wakati huo akiwekwa ya chini bado anaweza kupanda, na nimemwomba aniandikie ni nini hasa kitakachopimwa.